Kutoka Sekondari ya Kata hadi Chuo cha Afya: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Kijijini, Mzazi na Mwalimu Wake

Tanzania haina mtihani maalumu wa kuingilia chuo cha udaktari. Mchujo ni mitihani ile ile ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya Kidato cha Nne na cha Sita. Kisha yanafuata maombi ya mtandaoni: NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa wanaokwenda stashahada, vyuo vikuu vyenyewe chini ya uangalizi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa wanaokwenda shahada, na HESLB (Bodi ya Mikopo) kwa mkopo.

Karatasi ya mtihani ni moja kwa mtoto wa Masaki na mtoto wa kijiji cha ndani kabisa Katavi. Usawa unaishia hapo. Mmoja anaingia chumba cha praktiko, yaani mtihani wa vitendo wa sayansi, akiwa ameshika bureti (bomba la kupimia kimiminika) mara nyingi, mwenzake anaiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mmoja ana cheti cha kuzaliwa tangu akiwa mchanga, mwenzake anakitafuta wiki ya mwisho ya maombi ya mkopo. Kwa maoni yetu, watoto wengi wa sekondari za kata hawaangushwi na uwezo wa akili. Wanaangushwa na mambo yanayojulikana, yenye tarehe, na ambayo shule na familia zinaweza kuyafanyia kazi mapema. Mwongozo huu unayafuata kwa mpangilio wa muda.

Hatua ya 1: Jua njia mbili na namna alama zinavyohesabiwa

Njia ya kwanza ni stashahada baada ya Kidato cha Nne. Kwa Stashahada ya Tabibu, sharti la msingi ni ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza. Njia ya pili ni Kidato cha Tano na cha Sita kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), halafu shahada.

Njia hizi zinakutana mbele. Mwenye Stashahada ya Tabibu na wastani mzuri anaweza kuomba shahada ya udaktari. Hapo ndipo wengi hujuta, kwa sababu chuo kikuu hurudi kuangalia cheti cha Kidato cha Nne na kutaka angalau D ya Hisabati, Kiingereza, Fizikia, Kemia na Baiolojia. F ya Hisabati ambayo haikumzuia mtu kuingia stashahada inamzuia miaka mitatu baadaye. Ukiwa nayo, irudie kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema iwezekanavyo.

Hesabu za alama huchanganya watu. Kidato cha Nne, daraja hutokana na masomo saba bora: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Pointi chache ndiyo ufaulu mkubwa. Kwenye udahili wa vyuo vikuu, kwa alama za Kidato cha Sita, hesabu inageuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na huangaliwa masomo ya tahasusi tu. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuwa na daraja la pili zuri lililobebwa na Kiswahili, Historia na Uraia, huku Kemia ina D. Mzazi anafurahia daraja, lakini mlango wa PCB unaweza kuwa umefungwa. Angalia Fizikia, Kemia na Baiolojia kwanza, daraja baadaye.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa na majina, ukiwa bado Kidato cha Kwanza au cha Pili

Tunaliweka hili mbele ya vitabu kwa makusudi. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Watoto wengi wa vijijini hawana cheti, na wengine wana tangazo la kizazi tu.

1. Nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au Kata uchukue barua ya utambulisho.
2. Kusanya ushahidi wa kuzaliwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au, kwa Waislamu, cha falaki, cheti cha kumaliza darasa la saba, na vitambulisho vya wazazi. Chochote ulichonacho, beba nakala na halisi.
3. Peleka kwenye ofisi ya usajili ya wilaya, ambayo iko chini ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Usajili wa mtu mzima huchukua muda mrefu kuliko wa mtoto mchanga, kwa sababu ushahidi lazima upitiwe. Ndiyo maana hatusubiri Kidato cha Sita.
4. Cheti kikitoka, kiweke mezani pamoja na rejesta ya shule, ukilinganishe herufi kwa herufi.

Jambo hili la nne kwenye orodha ndilo linalosahaulika. Shuleni mtoto anaitwa Ramadhani, kwenye cheti Ramadhan. Shuleni ana majina mawili, kwenye cheti matatu. Jina la babu limeandikwa kwa matamshi ya kabila upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Mfumo wa kompyuta hauoni mtu mmoja hapo, unaona wawili. Kabla ya usajili wa mtihani wa Kidato cha Nne, mkuu wa shule anaweza kusahihisha taarifa za mwanafunzi kupitia namba yake ya PReM, ile namba ya usajili inayomfuata tangu shule ya msingi. Baada ya NECTA kutoa cheti, kazi inakuwa ya kiapo, wakili au hakimu, na hati ya kubadili jina, yote kwa gharama na nauli.

Aliyefiwa na mzazi aanze pia kutafuta cheti cha kifo. Yatima asiyekuwa na cheti hicho huonekana kwenye mfumo kama mtoto mwenye wazazi wote wawili, na kiwango cha mkopo hupangwa hivyo. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini itunze namba ya kaya. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, aulize mapema fomu inayosainiwa na mganga mkuu.

Hatua ya 3: Usiache Fizikia

Mwisho wa Kidato cha Pili, kwa mtaala ambao wengi wamesomea, mwanafunzi huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia huwaachisha karibu darasa zima ili kulinda wastani wa shule. Ni uamuzi mzito kuliko wowote utakaofanywa juu ya mtoto huyo, na hufanywa ndani ya siku moja bila mzazi kujua.

Mzazi aende shuleni kabla ya likizo ya Desemba na aulize swali moja: mwanangu ameandikwa masomo gani kwa Kidato cha Tatu? Kama hakuna mwalimu, kamati ya wazazi na bodi ya shule zina njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kumlipa posho mwalimu wa kujitolea, na wahitimu wa ualimu wa sayansi wasio na ajira wapo hata vijijini. Ya pili ni kukubaliana na sekondari ya jirani vipindi viwili vya Jumamosi. Ya tatu ni kuandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Sekondari, ikitaja idadi ya wanafunzi na somo lisilo na mwalimu. Ombi la mdomo halina jalada, andikeni.

Hatua ya 4: Praktiko, hata bila maabara kamili

Hapa ndipo alama nyingi hupotea na ndipo zinapopatikana kwa bei ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maswali ya praktiko yanajirudia kwa muundo, na aliyeyafanya kwa mikono mara sita hadi nane anapata alama ambazo nadharia haiwezi kumpa.

*Kemia: titresheni (kudondosha asidi na besi hadi rangi igeuke).* Piga hesabu ya darasa la wanafunzi 40. Kila mmoja anahitaji takriban sm³ 200 za kila myeyusho, ukijumlisha za kusuuzia vyombo. Hiyo ni lita 8. Kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M unahitaji gramu 4 kwa lita, yaani gramu 32 kwa kipindi. Kopo la gramu 500 linatosha vipindi 15. Kwa asidi haidrokloriki ya 0.1 M, chukua takriban sm³ 9 za asidi kali ya dukani kwa kila lita, yaani kama sm³ 70 kwa kipindi. Kupima asidi kali ni kazi ya mwalimu peke yake, mahali penye hewa, akimimina asidi ndani ya maji. Kumimina maji ndani ya asidi kunarusha asidi usoni. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu wa hewa, hivyo ipime haraka na ufunge kopo. Ikikaa wazi, gramu 32 zako si gramu 32 tena na darasa zima litapata majibu yasiyoeleweka.

Bureti zikiwa 10, gawa darasa zamu nne. Zikiwa hazipo kabisa, zoezeni mikono kwa bomba la sindano: la ml 10 liwe bureti, la ml 5 liwe pipeti. Usahihi unapungua, lakini mtoto anazoea kudondosha tone kwa tone na kusubiri rangi. Kiashiria cha mazoezi kinaweza kutengenezwa kwa kuchemsha maua makavu ya rozela: huwa mekundu kwenye asidi na hugeuka kuelekea kijani kwenye besi. Ila kabla ya mtihani lazima kila mtahiniwa aone viashiria halisi vya POP (fenolfthalini) na methili oranji angalau mara mbili, maana kwenye methili oranji mabadiliko ya njano kuelekea chungwa ni madogo na asiyeyazoea huyapita.

Makosa yanayokula alama ni yale yale kila mwaka:

- Funeli kuachwa juu ya bureti. Tone lililobaki linashuka katikati ya kazi na usomaji unaharibika.
- Kiputo cha hewa chini ya koki ya bureti. Kifukuze kwanza, ndipo usome.
- Chupa ya koni kusuuzwa kwa myeyusho. Inasuuzwa kwa maji tu. Bureti na pipeti ndizo zinazosuuzwa kwa myeyusho wake.
- Kupuliza pipeti. Tone la mwisho linabaki kwenye ncha, ndivyo ilivyotengenezwa.
- Kuandika 24 badala ya 24.00. Jedwali la bureti linaandikwa kwa desimali mbili.
- Kuingiza usomaji wa majaribio kwenye wastani. Wastani unachukua zile zinazokaribiana, tofauti isizidi sm³ 0.2.

*Fizikia: pendulamu.* Uzi, nati ya bolti na saa ya simu vinatosha. Pima urefu kuanzia pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya nati, si hadi juu yake. Hesabu mizunguko 20 kwa kila urefu: sm 20, 40, 60, 80 na 100. Kwa sm 100 mizunguko 20 inapaswa kuchukua takriban sekunde 40, na kwa sm 25 takriban sekunde 20. Ukipata mbali na hapo, aidha umehesabu "moja" wakati wa kuachia nati badala ya "sifuri", au umeivuta pembe kubwa mno. Kwa springi, usitumie mpira wa manati, maana hauvutiki sawasawa na grafu itapinda. Zungushia waya mgumu kwenye penseli upate springi yako.

Grafu yenyewe ina alama nyingi. Andika kichwa cha grafu, alama za mihimili pamoja na vizio, na skeli inayojaza zaidi ya nusu ya karatasi. Mstari uwe mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta, usiunganishe nukta kwa nukta. Mteremko uchukuliwe kutoka kwenye mstari, pembetatu kubwa. Kuuchukua kutoka kwenye namba za jedwali ni kosa, hata kama jibu limekaribia.

*Baiolojia: vipimo vya chakula.* Iodini kwa wanga, bluu-nyeusi. Myeyusho wa Benedict kwa sukari rahisi («reducing sugar»), na lazima uchemshwe. Wengi huumimina tu, wasione kitu, wakaandika hakuna sukari. Kwa protini, sodiamu haidroksaidi kwanza, kisha matone machache ya kopa salfeti, zambarau. Ukizidisha kopa salfeti, bluu yake inafunika zambarau. Jibu liandikwe kwenye jedwali lenye kipimo, utaratibu, kilichoonekana na hitimisho. Vielelezo vya viumbe havina gharama kabisa: panzi, jongoo, mjusi, gugu, uyoga, kangaga. Watoto wa kijijini wanavipata kirahisi kuliko wa mjini, kinachobaki ni kujua kuviweka kwenye ngeli zao na kutaja sifa kwa Kiingereza sahihi.

Hatua ya 5: Kiingereza cha mtihani

Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa afikiri kwa lugha nyingine. Kozi fupi ya wiki chache haitoshi. Kinacholipa haraka ni maneno ya amri ya mtihani. Mwanafunzi akijibu «explain» kwa orodha ya maneno matatu anapata sehemu ndogo ya alama. Akijibu «differentiate» kwa kueleza kitu kimoja halafu kingine bila kuvilinganisha, vivyo hivyo. Bandikeni ukutani amri kumi za kawaida, kila moja ikiwa na jibu la mfano, moja zuri na moja baya. Baada ya hapo, kila mada mpya ianze na msamiati wake kwa lugha zote mbili kwenye daftari dogo la kila mwanafunzi.

Hatua ya 6: Vitabu na karatasi za bure

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. NECTA kwenye tovuti yake inaweka fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizi za mwisho ni hazina ambayo shule nyingi za kata hazijawahi kuifungua: zinaonyesha swali, asilimia ya waliofaulu, na picha ya jibu zuri na jibu baya zikiwa na maelezo ya kwa nini. Mwalimu mmoja mwenye simu akienda penye mtandao mara moja, akapakua za miaka mitano kwa Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati, akaziweka kwenye kadi ya kumbukumbu, shule nzima inazo.

Zitumieni hivi: mwanafunzi afanye mtihani wa mwaka uliopita kwa saa tatu kamili bila kufungua daftari, ausahihishe na mwenzake, kisha wafungue uchambuzi na kuandika kosa lao liko kundi gani. Kusoma maswali na majibu ukiwa umelala kitandani hakufundishi mkono kuandika kwa muda.

Hatua ya 7: Kambi ya kitaaluma

Wanafunzi wanaotembea mbali au kupanga geto hupoteza jioni zote. Kambi ya siku 30 kabla ya mtihani inasaidia, ikipangwa kwa hesabu na si kwa kukadiria. Kwa wanafunzi 40, weka nusu kilo ya unga kwa siku kwa mmoja, jumla kilo 600, na gramu 125 za maharage, jumla kilo 150. Ongeza chumvi, mafuta, kuni na mpishi. Michango ikusanywe msimu wa mavuno, kwa debe la mahindi badala ya fedha. Ikikusanywa Septemba kwa fedha taslimu, watoto wa kaya maskini ndio wanaobaki nyumbani, nao ndio kambi iliwekwa kwa ajili yao. Wasichana wawe na bweni lao na mlezi mwanamke anayelala humo. Bila hilo msiwaite.

Hatua ya 8: Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne

Serikali hufungua Selform, mfumo wa mtandaoni wa machaguo ya wanafunzi, kwa wiki chache ili wahitimu wabadilishe tahasusi na vyuo. Aliyejaza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) akiwa Kidato cha Nne kwa kutojiamini, kisha akapata C za sayansi, ana nafasi hii tu. Shule iwapigie simu wahitimu wote wenye C tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kusubiri waje wenyewe hakufai, wengi wameshaenda shamba au mjini kutafuta kazi.

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Bado kuna godoro, sare, nauli na vifaa, na fomu ya kujiunga ndiyo inayotaja orodha. Msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi tangu waraka wa Novemba 2021, na asikubali kuambiwa vinginevyo getini.

Anayechagua stashahada ya afya aombe kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Weka vyuo vya serikali vyenye ushindani mkubwa pamoja na vya mikoa ya pembeni, ambako maombi huwa machache. HESLB sasa hutoa mkopo pia kwa baadhi ya stashahada, za afya zikiwemo.

Hatua ya 9: Kidato cha Sita, JKT na maombi

Mtihani ni Mei, matokeo ni Julai. Katikati, wengi huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na dirisha la mkopo hufunguka wakiwa kambini. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani acha bahasha yenye nakala za cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, cheti au matokeo ya Kidato cha Nne, picha za pasipoti, taarifa za mdhamini na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa). Fomu ya mkopo huchapwa, husainiwa na serikali ya kijiji au mtaa na wakili au hakimu, kisha kurasa zenye sahihi hupandishwa tena mtandaoni. Waliolipia wakadhani wamemaliza, bila kupandisha kurasa hizo, ni wengi, na maombi yao hubaki hayajakamilika. Aliyefaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika sayansi aangalie pia Samia Scholarship, ufadhili wa serikali.

Chuo kikuu unaomba moja kwa moja kwa kila chuo. Usiombe Muhimbili peke yake. Ongeza Dodoma, Bugando, KCMC au Mbeya, na kwenye kila chuo weka chini ya udaktari programu nyingine unayoweza kuisoma kwa moyo, kama uuguzi, famasia au maabara. Sifa za chini kwenye kitabu cha TCU zinakupa haki ya kuomba. Anayechaguliwa huwa juu yake.

Tahadhari kubwa ya vijijini ni steshenari. Mhudumu anayekusaidia huweka barua pepe yake na namba yake ya simu ili kazi iende haraka. Wiki tatu baadaye ujumbe unafika kwake, si kwako. Tumia laini yako iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, fungua barua pepe yako, na andika nywila kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Hatua ya 10: Thibitisha, kisha safiri

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa kwa ujumbe mfupi namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Usipothibitisha, nafasi hiyo inaweza kwenda kwa mwingine. Aliyekosa awamu ya kwanza asikae, awamu ya pili huwa na nafasi zilizoachwa na waliothibitisha kwingine.

Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe hospitali ya wilaya kabla ya safari. Beba vyeti halisi na nakala. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, huingia baada ya kusajiliwa na kusaini, na mara nyingi huchelewa. Familia iandae chakula na malazi ya wiki nne za mwanzo, na kama haiwezi, barua ya Mtendaji wa Kata ipelekwe kwa mshauri wa wanafunzi siku ile ile ya kuripoti.